Baba anatumia gome la muiri kwa tezi dume. Nimkataze?

SWALI: Baba yangu ana miaka 68 na tunaishi naye Kangemi, Nairobi. Usiku huamka mara nne au tano kwenda haja ndogo. Hospitalini aliambiwa tezi dume imepanuka, akapewa vidonge, lakini aliviacha baada ya wiki mbili kwa sababu ya kizunguzungu. Ana presha pia, na dawa za presha anaendelea nazo. Siku hizi anachemsha magome ya muiri anayonunua kwa muuzaji mmoja kando ya barabara, na anasema amepata nafuu. Anatuambia kwamba hata babu kule Nyeri aliutumia mti huo. Mimi kazi yangu ni ya mazingira na najua muiri unapungua msituni. Nimkataze? Na je, si kweli kwamba mitishamba haina madhara kwa mazingira kama vidonge vya viwandani, ambavyo mabaki yake huishia kwenye mito yetu?

JIBU: Dada, usimkataze. Nalisema hilo mapema kwa sababu nikiwa mfamasia nimewaona wazee wengi waliokatazwa. Mzee akikatazwa haachi. Anaacha tu kusema. Daktari anamwandikia dawa bila kujua anachokunywa asubuhi, na nyinyi nyumbani mnabaki mkinusa sufuria. Afadhali achemshe mbele yenu na azungumze.

Ila kutomkataza si kumwacha hivihivi. Kabla hatujafika kwenye mti, kuna jambo moja ambalo barua yako haikusema: hiyo tezi iliyopanuka ilipimwa vipi? Tezi dume iliyopanuka kwa sababu ya umri na tezi yenye saratani huweza kuanza kwa dalili zilezile: mkojo usio na nguvu, kuamka usiku, kuhisi kwamba kibofu hakijaisha. Mgonjwa anaweza kupata nafuu ya dalili huku saratani ikiendelea na safari yake, na nafuu hiyo ndiyo itakayomchelewesha. Kwa hiyo ulizeni kama alifanyiwa kipimo cha damu cha PSA, kama daktari aliipapasa tezi kwa kidole, na kama alipigwa picha ya mawimbi ya sauti kuonyesha mkojo unaobaki kibofuni baada ya kukojoa. Wazee wengi hukwepa hicho kipimo cha kidole kwa aibu. Mwambie ni jambo la dakika moja au chini yake, na kwamba daktari wa kiume anaweza kuombwa.

Damu kwenye mkojo, mkojo kukataa kutoka kabisa, maumivu ya mgongo au nyonga yasiyoisha, kukonda bila sababu: ukiona mojawapo ya haya, usingoje siku ya kliniki. Mkojo ukikataa kutoka ni dharura ya usiku huohuo.

Pia chunguzeni mambo madogo ambayo mara nyingi tezi hulaumiwa bure kwa ajili yake. Dawa zake za presha ni zipi? Vidonge vingi vya presha vinavyotolewa hapa nchini vimechanganywa na haidroklorothiazidi, dawa ya kuongeza mkojo. Mzee anayeimeza jioni ataamka usiku hata kama tezi yake ni ya kijana. Kisukari nacho huamsha watu. Chai ya saa mbili usiku vilevile, na katika nyumba nyingi ninazozijua mzee hunywa vikombe viwili. Nunueni daftari na kikombe cha plastiki chenye alama za vipimo, aandike kwa siku tatu mchana na usiku: saa aliyokwenda na kiasi kilichotoka. Daktari wa mkojo akipewa karatasi hiyo anafurahi kuliko akipewa hadithi ndefu.

Kuhusu kizunguzungu, nakisia alipewa tamsulosini au dawa ya ukoo wake. Dawa hizi hulegeza misuli ya shingo ya kibofu, lakini zinaweza kulegeza mishipa ya damu pia, na mtu ambaye tayari anameza dawa ya presha akisimama ghafla dunia humzunguka. Tatizo hilo mara nyingi linatatulika: hubadilishwa saa ya kumeza, au kipimo, au dawa yenyewe, au hutazamwa upya ile ya presha. Kuacha kimyakimya ndiko kulikomnyima nafasi hiyo. Arudi aseme.

Sasa gome lenyewe. Muiri, ambao wataalamu wa mimea huuita Prunus africana, si dawa ya kubuni. Jamii za milimani hapa kwetu zimelitumia gome lake kwa tumbo na hata kwa ng'ombe, na kusini mwa Afrika lilijulikana kwa matatizo ya kibofu ya wazee. Mwaka 1966 Mfaransa Jacques Debat alisajili hataza (haki ya kumiliki uvumbuzi) ya dondoo lake, yaani kiini kinachotolewa kwenye gome, kwa ajili ya tezi dume, na tangu hapo Ulaya imekuwa ikilinunua gome hili kwa tani. Baadaye likaja swali la kama kweli linasaidia. Uchambuzi wa Cochrane, mtandao wa wataalamu wanaopima tafiti za tiba, uliotolewa mwaka 2002 ulikusanya majaribio 18 yenye wanaume 1,562. Waliotumia dondoo hilo walikuwa na uwezekano kama maradufu wa kusema wamepata nafuu kuliko waliopewa vidonge visivyo na dawa ndani. Kuamka usiku kulipungua kwa asilimia 19, na mkojo unaobaki kibofuni kwa asilimia 24. Si haba. Hata hivyo majaribio mengi yalikuwa madogo, na hata lile refu zaidi lilidumu siku 122. Tezi dume ni ugonjwa wa miaka.

Na hapa kuna jambo ambalo wauzaji hawalisemi, pengine kwa kutolijua. Kilichojaribiwa kwa hao wanaume si maji ya gome lililochemshwa. Ni dondoo lililotolewa kwa kemikali zinazoyeyusha mafuta, kwa sababu viambato vinavyodhaniwa kufanya kazi, kama vile sterol za mimea na asidi za ukoo wa triterpeni, haviyeyuki vizuri katika maji. Kwa kawaida mgonjwa hupewa miligramu 100 kwa siku za dondoo hilo. Katika sufuria ya baba yako mna sehemu isiyojulikana ya viambato hivyo, pamoja na vitu vingine vingi vinavyoyeyuka kwenye maji. Inaweza kuwa anasaidika. Inaweza pia kuwa ameacha chai ya usiku ili anywe dawa yake, na hiyo ndiyo iliyopunguza safari. Lile daftari litasema.

Sijasema maji ya gome ni bure. Nasema matokeo ya Ulaya hayawezi kupandishwa juu ya sufuria ya Kangemi kama yalivyo. Maarifa ya babu yako na maarifa ya maabara yanaongea juu ya mti mmoja lakini si juu ya kinywaji kimoja.

Twende kwa muuzaji. Ningependa umwendee wewe mwenyewe, na uende naye baba, maana alikulia Nyeri na huenda anaujua muiri kuliko unavyodhani. Msinunue unga. Unga hauna sura. Ukishasagwa, mtaalamu wa mimea na mtoto wa shule ni sawa mbele yake. Ombeni kipande kizima. Gome la muiri wa makamo kwa nje ni la kahawia iliyokolea hadi kukaribia weusi, limepasukapasuka kama vigae vilivyopangwa vibaya, na ndani lina wekundu. Likiwa bado na unyevu, kwaruza upande wa ndani na unuse: kuna harufu ya lozi chungu. Jani la muiri nalo ukilifikicha hutoa harufu hiyo. Ukipewa gome linalowasha ulimi kama pilipili, umepewa muthiga, mti mwingine kabisa, mzuri kwa kifua na jino kwa mujibu wa wazee, lakini haukuwemo katika majaribio ya tezi dume.

Harufu hiyo ya lozi inatoka kwa kemikali iitwayo amigdalini, na amigdalini ikivunjika hutoa sumu ya sianidi. Usiogope neno, muhogo mchungu una tabia hiyohiyo na watu wanaula. Ila ndiyo sababu gome bichi halitafunwi, majani hayachemshwi kuwa chai, na sufuria haifunikwi inapochemka.

Kosa la mti linaweza kuua. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, Ubelgiji, wanawake zaidi ya mia moja waliharibikiwa figo baada ya kumeza dawa ya kupunguza unene iliyochanganywa mimea ya Kichina. Mmea uliokusudiwa ulikuwa umebadilishwa na mmea wa jamii ya Aristolochia, wenye sumu ya figo. Hiyo ilikuwa kliniki mjini Brussels, si gunia kando ya barabara. Kwa hiyo swali la "huu ni mti gani" si la dharau kwa mganga. Mkitaka uhakika, Makumbusho ya Taifa hapa Nairobi yana Herbaria ya Afrika Mashariki, ambako mimea hutambuliwa. Wasipelekewe gome tupu. Wapelekewe kitawi chenye majani na maua au matunda, kilichokaushwa katikati ya kurasa za gazeti, pamoja na maelezo ya mahali kilipotoka. Bila shaka muuzaji wa barabarani hana kitawi. Hilo lenyewe ni jibu.

Kitu kingine: kama muuzaji ana chupa au pakiti ya "dawa ya wanaume" inayofanya tezi na nguvu za kiume kwa pamoja, mzuie baba kwa hilo tu. Katika nchi nyingi dawa za aina hiyo zimepimwa zikakutwa zimetiwa sildenafili, dawa iliyo ndani ya Viagra, kwa siri. Sildenafili juu ya dawa ya presha na dawa ya tezi inaweza kumwangusha bafuni.

Umeniuliza kuhusu msitu, na hapo nitakaa kidogo, kwa sababu sioni kwamba umehama kutoka kwa ugonjwa wa baba.

Upande wa ndani wa gome ndimo chakula kinachotengenezwa na majani kinamopita kwenda mizizini. Mti ukichunwa mviringo mzima, mizizi inakufa njaa. Hauanguki siku hiyo. Huweza kusimama miezi na majani yake, kisha ukaanza kukauka kutoka kileleni, na aliyeuchuna amekwisha kwenda zake. Muiri una bahati moja ambayo miti mingi haina: ukichunwa kwa sehemu na utando ulio juu ya mbao usiguswe, huotesha gome jipya. Kamerun walitunga kanuni juu ya sifa hiyo. Mti uwe na kipenyo cha angalau sentimita 30, uchukuliwe robo mbili zinazotazamana, kuanzia chini hadi tawi la kwanza, kisha uachwe miaka kadhaa kabla ya kurudiwa. Kanuni ilikuwa nzuri, lakini kwa tani zilizotakiwa nje wavunaji wengi hawakuifuata, na mwaka 2007 Umoja wa Ulaya ukasimamisha ununuzi kutoka huko. Kabla ya hapo, tangu 1995, muiri ulikuwa umeingizwa katika Kiambatisho cha Pili cha CITES, mkataba wa biashara ya kimataifa ya mimea na wanyama walio hatarini, yaani hauvuki mpaka bila kibali. Kenya nayo ilikuwa miongoni mwa nchi zilizouza gome hilo nje.

Sasa waulize wazee wanaojua miti. Utawasikia wa jamii kadhaa wakisema gome huchukuliwa upande wa jua linakochomoza na upande wa jua linakotua, na upande mwingine hauguswi. Mzizi hukatwa wa pembeni, mzizi mkuu haukatwi. Mti mchanga hauchunwi. Wengine hufunika kidonda kwa udongo au kinyesi cha ng'ombe. Wapo vijana wanaocheka wakisikia habari za jua. Lakini linganisha na ile kanuni ya Kamerun: robo mbili zinazotazamana. Ni sheria ileile, moja imeandikwa kwa sentimita na nyingine kwa jua.

Ninachotaka uondoke nacho ni hiki: masharti ya kuvuna yalikuwa sehemu ya tiba, na sisi wa Nairobi tuliihamisha dawa mjini tukayaacha masharti kijijini. Tunasema tunatumia maarifa ya wazee, kumbe tumechukua nusu yake. Nusu iliyobaki ndiyo ingemlinda mgonjwa. Mvunaji aliyejificha msituni usiku hachagui mti wa makamo. Anachukua ulio karibu. Anauchuna wote kwa sababu hatarajii kurudi. Akiona gunia halijajaa anachanganya. Gome linakauka juu ya lami au linafungwa bichi na kuota ukungu. Mtu huyohuyo anayeua mti ndiye anayekuuzia dawa usiyoijua. Kwa hiyo swali la mwanamazingira na swali la mfamasia ni moja: gome hili lilitoka mti gani, ukiwa wapi, upande gani, lini, na je, mti bado umesimama? Muuzaji anayeweza kujibu hayo ana maarifa. Anayekasirika kwa kuulizwa ana bidhaa.

Ishara moja utakayoiona kwa macho: vipande vya gome nene vilivyo virefu na vyenye upana mdogo kwa kawaida vimechunwa kwa mistari. Ukiona gome la shina lililotoka kama bomba zima, au vipande vipana vinavyoweza kuungana mviringo, mti huo huenda umekwisha.

Watu wa mazingira kama wewe huwa wepesi wa kusema serikali ipige marufuku. Tumeshapiga. Mwaka 1986 uuzaji nje wa shubiri za porini ulikatazwa kwa amri ya rais. Biashara ilihamia gizani, na kanuni za kuruhusu iliyopandwa zilikuja 2007. Mwaka huohuo wa 2007 msandali ukapigwa marufuku, na hadi leo unang'olewa na mizizi yake, kwa sababu mafuta mazuri yamo pia mizizini. Marufuku bila mti wa kupanda na bila mvunaji anayejulikana huinua bei tu. Napendelea kibali, shamba na jina la mvunaji.

Wengine hupendekeza majani yatumike badala ya gome, na watafiti wa Afrika Kusini wamelipima wazo hilo kwa ndugu wa muthiga aliyekuwa akimalizika huko. Ni njia nzuri kwa baadhi ya miti. Kwa muiri siipendekezi, kwa sababu ya ile amigdalini.

Kisha kuna vidonge vya dondoo la muiri, ambavyo kwenye maduka ya dawa huandikwa Pygeum. Ubora wake ni kwamba kipimo kinajulikana. Bei ni kubwa, na usidhani umeukwepa msitu, kwani dondoo hilo kwa sehemu kubwa hutokana na gome la miti ya porini ya Afrika hii yetu, lililosafirishwa hadi Ulaya na kurudishwa likiwa ndani ya chupa.

Na mito? Una haki kwa sehemu. Watafiti wamepima maji ya Mto Nairobi wakakuta mabaki ya dawa: viuavijasumu, dawa za maumivu, hata dawa za kupunguza makali ya virusi vya ukimwi. Sehemu kubwa hupitia miilini mwetu na kutoka na mkojo, na mitambo ya majitaka haikujengwa kwa ajili ya kuziondoa. Mitaa isiyo na mabomba ya majitaka hupeleka moja kwa moja mtoni. Duniani kote, sekta ya afya ilikadiriwa mwaka 2019 kuchangia asilimia 4.4 ya gesi zinazoongeza joto. Kwa hiyo ndiyo, kidonge kina gharama yake nje ya mwili wa mgonjwa.

Lakini hesabu hiyo haiishii kwenye kidonge. Tezi isiyotibiwa ikiziba njia kwa miaka, mkojo hurudi nyuma na kuharibu figo. Figo zikifa, mgonjwa huwekwa kwenye mashine ya kusafisha damu. Kikao kimoja cha saa nne hupitisha kama lita 120 za maji yaliyosafishwa, na ili kuyapata maji hayo mtambo humwaga mengine mengi. Wiki moja ina vikao viwili au vitatu. Hayo yanafanyika katika jiji ambalo maji huja kwa mgao, na kila kikao huacha mirija na mifuko ya plastiki inayokwenda kuchomwa. Ukinibana niseme tiba gani ya tezi dume inayoyahurumia mazingira zaidi, sitataja gome wala kidonge. Nitataja kipimo kinachofanywa mapema, ili tatizo lishughulikiwe likiwa dogo, kwa lolote litakalomfaa. Kidonge kimoja kwa siku ambacho mzee anakimeza vizuri ni mzigo mdogo kwa mto kuliko wodi ya figo.

Vile vidonge alivyoviacha bila shaka viko kabatini. Visiende chooni wala jaani, ambako vitapata njia ya kufika mtoni. Mrudishieni mfamasia wa hospitali alikovipata, na aelezwe kwa nini vilibaki.

Kuhusu babu wa Nyeri. Muulize baba aliyoyaona: babu alichuna mti gani, wakati gani wa mwaka, alichemsha kiasi gani, aliwapa nani na aliwanyima nani. Andika, au mrekodi kwa simu kwa ruhusa yake. Katiba ya 2010 inaitaka serikali ilinde maarifa asilia ya bayoanuwai, na Sheria ya Kulinda Maarifa ya Jadi ya mwaka 2016 inazungumzia ridhaa ya jamii kabla mtu wa nje hajayatumia. Usiyamwage mtandaoni kabla ya kuwauliza wenyewe. Sheria ya Afya ya 2017 nayo inaitambua tiba asilia, na inataka kuwe na utaratibu wa mganga kumpeleka mgonjwa hospitalini. Utekelezaji ni hadithi nyingine. Hapa mjini ni waganga wachache wanaoandika barua ya rufaa, na ni madaktari wachache ambao wangeisoma.

Kama familia bado ina shamba huko, pandeni muiri. Baridi ya Nyeri unaipenda. Kituo cha mbegu cha KEFRI, taasisi ya taifa ya utafiti wa misitu, kiko Muguga, si mbali na Kangemi. Mbegu za muiri hazikai. Zikikauka sana zinapoteza uhai, basi zioteshwe mara tu mkizipata, au mnunue miche. Mti huu hupanda mita 20 na zaidi, kwa hiyo uwe mbali na nyumba, na matunda yake yataleta ndege na nyani. Gome la kuchuna ni la miaka kumi na kitu ijayo. Halitamfaa baba kwa tezi hii, na mwambieni hivyo waziwazi. Atakuwa anawapandia wajukuu, na mbao za mpini zisisahauliwe.

Siku ya kliniki nendeni na mfuko wa magome, dawa zote za presha katika pakiti zake, vile vidonge vilivyoachwa (msivirudishe kabla ya siku hiyo), na daftari. Kama PSA na kipimo cha kidole havina shaka, figo ziko sawa, mkojo unaobaki ni mdogo, na daktari amekubali, anaweza kuendelea na gome la muiri linalojulikana lilikotoka kwa miezi miwili, bila unga wala mchanganyiko wowote, huku presha ikipimwa kila wiki akiwa amekaa na akiwa amesimama. Mwisho wa miezi hiyo aandike tena siku tatu. Kama safari za usiku hazikupungua kulinganisha na daftari la kwanza, gome liachwe na arudi kuzungumza na daktari kuhusu kidonge kingine.